BARAZANI KWETU: Jumba Ni Moja, Wapangaji Ni Wengi



Juma lililopita, siku ya Jumatano baada ya alasiri, binti wangu wa ubatizo alikuja kwangu hapa Wesha, karatasi mkononi. Alipiga hodi, akaamkia, "Shikamoo, baba." Nikamwitikia, "Marahaba mwanangu, karibu upumzike." Lakini hakuja kupumzika. Aliitandaza ile karatasi juu ya mkeka akasema, "Baba, naomba saini yako hapa chini."

Binti huyu na wanawake wenzake hutengeneza sabuni ya mafuta ya nazi iliyotiwa mafuta ya makonyo ya karafuu. Wako saba, Wakristo wawili na Waislamu watano, na sijapata kuwasikia wakigombana. Sabuni yao huiuza madukani Chake Chake, na nyingine huwauzia wageni wanaopita gatini kwetu kwenda kisiwa cha Misali. Sasa wamepata barua kutoka duka kubwa la Bara, lililomo ndani ya jumba moja la maduka. Duka hilo lataka vipande 2,000 kwa mara moja, na fedha italipwa siku 90 baada ya mzigo kupokelewa. Ili wapate nazi, magadi ya sabuni na mafuta ya makonyo ya kutosha, wanawake hawa wahitaji mkopo wa shilingi 1,800,000. Mkopeshaji yuko tayari, lakini ataka mdhamini mwenye mali. Mali yangu ni nyumba hii ya bati na ng'ombe wawili.

Sikutia saini siku ile. Nilimwomba anipe siku tatu. Yale niliyomwambia siku ya tatu nawaandikia na ninyi leo, kwa maana najua kwamba karatasi za namna ile zapita katika vijiji vingi, na si kila nyumba ina mtu wa kuuliza habari kabla ya kutia kidole katika wino.

Jumba la maduka ni kitu gani?

Wengi wetu tumezoea duka lenye mlango mmoja na mwenyewe ameketi nyuma ya meza yake. Jumba la maduka si hivyo. Hilo ni nyumba kubwa ya kupangisha. Mwenye jumba hauzi sukari wala vitambaa. Yeye auza nafasi. Hujenga kuta, huweka taa, vyoo na uwanja wa kuegesha magari, kisha hukodisha vyumba kwa wenye biashara. Kwanza hutafuta duka moja au mawili makubwa sana, kwa kuwa hayo ndiyo yanayovuta watu. Wale wenye maduka madogo ya viatu, dawa na vitabu hupanga kandokando, wakitumaini kwamba mtu aliyekuja kununua unga atapita na kwao. Wenye kazi hiyo hulifananisha lile duka kubwa na nanga ya chombo. Nasi watu wa pwani twajua kwamba nanga ikikatika, vyote vilivyomo chomboni hufuata mkondo.

Jumba lililofungua njia kwa majumba ya namna hii, yaliyofunikwa yote chini ya paa moja, lilifunguliwa Marekani tarehe 8 Oktoba 1956, katika kitongoji cha Edina, jimbo la Minnesota. Huitwa Southdale. Aliyelichora alikuwa Victor Gruen, Myahudi wa Vienna aliyekimbia nchi yake mwaka 1938 Wanazi walipoingia Austria. Alikusudia kwamba kando ya maduka pawe na nyumba za watu, shule na bustani, ili watu wakutane kama watu wa mji mmoja. Wenye fedha walipenda maduka na viwanja vya magari tu, na uzeeni mwake yule bwana alilalamika hadharani juu ya majumba yaliyojengwa kwa kuiga kazi yake. Southdale lingali limesimama. Lakini duka lake kubwa, Dayton's, liligeuzwa jina mwaka 2001 likawa Marshall Field's, na mwaka 2006 likawa Macy's. Jumba ni lile lile. Jina la juu ya mlango ni la tatu.

Habari za Mlimani City

Tusiende mbali. Hapa Tanzania jumba linalojulikana na wengi ni Mlimani City ya Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Sam Nujoma. Ardhi ile ni ya Chuo Kikuu, kilichohamia mlimani mwaka 1964. Kampuni ya Turnstar ya Botswana iliikodi kwa muda wa miaka 50, ikajenga, na jumba likafunguliwa mwaka 2006. Halikujengwa katikati ya mji. Watu waliozoea kwenda Kariakoo na Posta kwa mahitaji yao sasa wakapanda daladala za kwenda upande wa Mwenge na Ubungo, wengine wakienda kununua na wengine kutazama tu.

Nanga zake zilikuwa mbili, zote za Afrika ya Kusini: Shoprite, lililoanza mwaka 1979, na Game, lililoanza Durban mwaka 1970. Watu wakasema, hawa ni matajiri wakubwa, hawataondoka. Mwaka 2014 Shoprite ikawa imekwisha kuuza maduka yake ya Tanzania kwa Wakenya wenye Nakumatt, ikaenda zake.

Nakumatt nayo ilikuwa na habari nzuri ya kusimulia. Jina lake latokana na Nakuru na magodoro, kwa maana huko ndiko biashara ya wenyewe ilikoanzia. Waliingia Tanzania kwa duka la Moshi mwaka 2011. Walifikia kuwa na maduka zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mtu akiona bango lao lenye picha ya tembo alidhani ni mlima usiotikisika. Lakini kufika mwaka 2017 rafu zao zilikuwa zimeanza kubaki wazi, kwani waliowaletea bidhaa walikuwa hawajalipwa, nao wakaacha kuleta. Mwanzoni mwa 2018 mahakama ya Kenya iliweka msimamizi juu ya kampuni hiyo, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe kabisa. Pale Mlimani nafasi yao ilichukuliwa na Shoppers, duka la Dar es Salaam. Game iliendelea hadi mwaka 2022, wenyewe walipoamua kuondoka Afrika Mashariki. Na kabla ya hapo, mwaka 2015, Uchumi, duka la Kenya lililoanzishwa mwaka 1975, lilikuwa limefunga milango yake yote ya Tanzania na Uganda.

Tazameni basi. Katika muda wa miaka kama 12, nafasi moja ilikuwa ya watu wa Afrika ya Kusini, ikawa ya Wakenya, ikawa ya Watanzania. Jumba halikufa. Taa ziliwaka, magari yaliegeshwa. Mnunuzi aliyekuta mlango umefungwa alinung'unika kidogo, akaenda kununua kwingine. Ni nani basi aliyeumia?

Fedha ya nani hujenga maduka?

Waliumia wa aina mbili. Kwanza ni wafanyakazi, waliorudi nyumbani bila kazi. Pili ni wale waliopeleka bidhaa kwa kuaminiwa.

Sikilizeni namna biashara ile inavyokwenda. Duka kubwa huchukua sabuni yako leo, na huiuza kesho kwa fedha taslimu. Wewe utalipwa baada ya siku 30, au 60, au 90. Katika siku hizo zote fedha ya sabuni yako imo mikononi mwa mwenye duka. Akiwa mtu mwangalifu, huiweka tayari kwa siku yako. Akiwa na haraka ya kukua, huitumia kufungua duka jingine, na fedha ya duka hilo la pili hufungulia la tatu. Wanunuzi wakipungua kununua kwa miezi michache tu, mnyororo wote hukatika. Hapo hugundua kwamba ulikuwa umemkopesha tajiri bila riba, nawe ulidhani yeye ndiye aliyekusaidia. Duka likifungwa, benki husimama mbele katika foleni ya wadai, kwa kuwa ina dhamana iliyoandikwa. Mama wa sabuni husimama nyuma kabisa, na aghalabu chungu hufika kwake kikiwa kitupu.

Sisemi haya kwa kusikia tu. Zamani nilipokuwa mwalimu katika mji mmoja wa Bara, mimi na mke wangu tulifuga kuku. Tulipeleka trei 46 za mayai katika duka moja kubwa la mji ule. Tuliahidiwa fedha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi tulikuta mlango una kufuli, na mlinzi mmoja ameketi nje ambaye hata yeye hakulipwa. Mke wangu aliuza cherehani yake ili tulipe chakula cha kuku. Mpaka leo hajapata nyingine iliyo nzuri kama ile.

Duka la Mpemba

Watu wa kisiwa hiki wana sifa yao Bara. Nenda Dar es Salaam, nenda Tanga, hata mtaa mdogo usio na lami, utasikia mtu akimtuma mtoto, "Kimbia dukani kwa Mpemba." Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye nondo dirishani. Huuza sukari ya robo, mafuta ya kijiko, na kiberiti kimoja. Mwenyewe hulala humo humo nyuma ya magunia. Anayemkopesha amemjua kwa jina na kwa nyumba, na deni limeandikwa katika daftari lenye jalada lililochanika.

Maduka makubwa yalipokuja, wengine walitabiri kwamba Mpemba atafunga. Makubwa yamekuja na mengi yamekwenda, naye Mpemba angali dirishani. Sisemi kwamba hafilisiki. Hufilisika kama watu wengine. Lakini hakuongeza duka kwa fedha ya wengi asiowajua. Alikua kwa kadiri ya alichouza.

Karafuu zatufundisha

Nilimkumbusha binti yangu kwamba Pemba imeyaona haya kabla ya majumba ya maduka. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu ya Unguja, nayo ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo kisiwa hiki kikawa ndicho mama wa karafuu. Lakini mkarafuu hungojewa. Kati ya msimu na msimu watu walihitaji chakula na nguo, wakachukua fedha kwa wakopeshaji, wakaweka rehani mashamba na hata karafuu ambazo bado hazijachanua. Msimu ukiwa mbaya au bei ikianguka, shamba lilikwenda. Madeni yalizidi hata Serikali ya wakati ule ikatoa amri mwaka 1934 kuzuia mashamba yasiendelee kuchukuliwa.

Na wanunuzi wa karafuu nao walibadilika kama wapangaji wa jumba. Walikuwako wafanyabiashara wa Kihindi. Mwaka 1927 kikaundwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, nacho kilipopewa mamlaka makubwa mwaka 1937 Wahindi waligoma kununua, na India nayo ikazisusia karafuu za Zanzibar mpaka yakafanywa mapatano mwaka 1938. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Shirika la Biashara la Taifa, yaani ZSTC, liliundwa mwaka 1968 likawa ndilo mnunuzi. Mkarafuu ni ule ule, jamvi la kuanikia ni lile lile. Aliyeshika mizani ndiye amebadilika.

Hata bandari yetu yafundisha. Zamani majahazi yalipanda na maji kwa hori mpaka chini ya mji wa Chake Chake. Hori likajaa matope, na vyombo vikawa vyafunga hapa Wesha. Hakuna aliyewaandikia barua wenye vibanda vya kule juu kuwaarifu kwamba maji yatapungua.

Hesabu juu ya mkeka

Baada ya maneno hayo tulichukua kalamu. Vipande 2,000, kila kimoja kwa bei ya duka ya shilingi 1,200, ni shilingi 2,400,000. Gharama ya kila kipande ni shilingi 900, yaani 1,800,000. Faida ni 600,000. Riba ya mkopo ni 180,000. Yabaki 420,000, na kwa wanawake saba ni shilingi 60,000 kila mmoja.

Kisha tukatazama tarehe. Mkopo walipwa kwa miezi sita, shilingi 330,000 kila mwezi, kuanzia mwisho wa mwezi wa kwanza. Duka litalipa siku ya 90, likilipa kwa wakati. Maana yake ni kwamba kabla hawajaona senti moja ya sabuni yao, watakuwa wamedaiwa mara tatu, jumla shilingi 990,000. Nikamwuliza, "Hizo zitatoka wapi, mwanangu?" Akanyamaza. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kwako, baba."

Nilisoma tena Maandiko usiku ule. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 6, chamwonya vikali mtu aliyejitia katika dhamana ya mwingine, ajitoe upesi. Lakini Yoshua bin Sira, katika sura ya 29, atazama pande zote mbili: mtu mwema humdhamini jirani yake, na tena dhamana imewaangusha wengi waliokuwa na hali njema. Shauri lake ni kwamba umsaidie jirani kwa kadiri ya uwezo wako, ukijiangalia usianguke wewe. Nimeona hekima kubwa katika hilo. Anayesema "hapana" tu, akafunga mlango, hajatimiza neno lile. Na anayetia saini kwa kuona haya hajalitimiza pia.

Basi nilimwambia hivi. "Sitaweka nyumba ya mama yako wa ubatizo katika karatasi hii. Lakini nina akiba ya shilingi 180,000. Nitawakopesha bila riba. Zatosha vipande 200. Waandikieni wenye duka kwamba mtapeleka 200, nao walipe siku ya kupokea. Vikiisha upesi, wataomba 400, na fedha ya kwanza itatengeneza ya pili."

Hakufurahi. Alisema, "Baba, nafasi kama hii hairudi mara mbili." Akaondoka bila kunywa chai. Nami nawaambia kweli, sikulala vema. Mzee aliyeunguzwa mara moja huweza kumzuia kijana hata asiote moto wa halali. Labda duka lile ni la watu waaminifu, na wako wengi waaminifu. Labda nimewanyima njia.

Siku mbili baadaye walikuja wote saba. Aliyesema ni bibi mmoja, mkubwa kati yao, mzaliwa wa hapa hapa Wesha. Alisema, "Mwalimu, sisi twajua karafuu. Ukizitia guniani kabla hazijakauka, utazikuta zimeharibika, nawe ulidhani umewahi. Tutaanza na mia mbili." Barua iliandikwa barazani kwangu, na ikapelekwa siku ile ile.

Neno kwa nyumba zetu

Wapenzi, sikuandika haya ili mchukie maduka makubwa. Yametoa kazi kwa vijana wetu, na bidhaa za mkulima zaweza kufika mbali kwa njia hiyo. Lakini shikeni machache haya. Msiweke mavuno yote kwa mnunuzi mmoja. Mapatano yaandikwe, yawe na tarehe ya malipo, na nakala moja ibaki kwenu. Mzigo wa kwanza uwe mdogo. Pitieni dukani mwenyewe kutazama rafu: zikianza kuwa wazi, msipeleke tena kabla ya kulipwa la nyuma. Na uwezapo kuungana na wenzako katika ushirika, ungana, kwani mmoja akidai hasikiki kama mia wakidai.

Na wewe ambaye ni mdaiwa, usijione uko nje ya habari hii. Wengine wetu twamdai tajiri kwa makelele, huku kibarua aliyepalilia shamba letu tangu mwezi jana bado anaambiwa "njoo kesho." Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, asema kwamba ujira uliozuiwa wapiga kelele mbele ya Mungu. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alilikumbusha Kanisa lote jambo hilo hilo. Hakusema kwamba lawahusu wenye majumba makubwa peke yao. Lahusu na nyumba yenye mlango mmoja.

Jibu la duka lile bado halijafika. Sabuni 200 zimekwisha kukatwa, zimepangwa chumbani kwangu, na nyumba nzima yanukia karafuu. Mke wangu asema hata zikirudi hatutakosa cha kuogea. Jibu likija, liwe jema au baya, nitawaambia hapa hapa barazani.

Mungu awabariki ninyi na kazi za mikono yenu. Tuonane juma lijalo.